Barua ya wazi kwa wakuu wa jumuiya zetu Maine: mdomo wa LePage mnaujua, kalamu yake je?

Kwa marais wa jumuiya na komite zao, wachungaji, mapadre na mashehe mnaohudumia watu wa Kongo, Burundi na Rwanda katika miji ya Portland, Westbrook na Lewiston, jimbo la Maine, Marekani.

Wababa na wamama waheshimiwa,

Poleni na kazi ya kubeba misiba, harusi na kesi za watu wetu. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu wote. Mei 2025 Paul LePage, gavana wetu wa zamani, alitangaza kwamba anataka kwenda Washington kama mbunge wa wilaya ya pili ya Maine, na tangu hapo jina lake limerudi kwenye mikutano yetu. Kila linapotajwa mnatusimulia matusi yale yale. Vijana wanacheka, wazee wanatikisa kichwa, mkutano unafungwa kwa sala. Hakuna anayetoka pale akijua ni nini hasa alitufanyia mtu huyu katika miaka minane ya ugavana, alikifanya kwa karatasi gani, na nani alimzuia. Hiyo ndiyo lawama yangu kwenu.

Nianze na maisha yake, maana mnayasimulia nusunusu. LePage alizaliwa Lewiston mwaka 1948 katika familia maskini ya watu wenye asili ya Kanada, mkubwa kati ya watoto 18. Nyumbani walizungumza Kifaransa. Akiwa na miaka 11 alikimbia kipigo cha baba yake, akaishi mitaani karibu miaka miwili, akilala popote ikiwemo kwenye mazizi ya farasi, na akawa anang'arisha viatu vya watu ili ale. Kiingereza chake kilikuwa kibaya kiasi kwamba chuo cha Husson, kule Bangor, kilikubali kumpima kwa mtihani wa Kifaransa baada ya mwanasiasa wa Maine, Peter Snowe, kumwombea. Baadaye akaongoza Marden's, yale maduka ya bei poa tunayoyajua sote, akawa meya wa Waterville kuanzia 2004, na Novemba 2010 akachaguliwa gavana.

Husemwa kwenye mikutano yetu kwamba mtu huyu amesahau alikotoka. Mimi naona anakumbuka mno. Alikulia katika jimbo ambalo sheria ya 1919 ilizuia shule za umma kufundisha kwa Kifaransa, jimbo ambalo miaka ya 1920 Ku Klux Klan ilikuwa na wafuasi wengi na maadui wake wakubwa walikuwa Wakatoliki wanaozungumza Kifaransa, watu wa aina ya wazazi wake. Somo alilojifunza ni kwamba aliyetoka mtaani alitoka kwa jasho lake, na kwamba msaada wa serikali ni kamba ya kumfungia maskini palepale alipo. Ukishaelewa hilo, sera zake zote zinasomeka. Na tuambiane ukweli, wapendwa: maneno hayo hayo mnatuhubiria kila Jumapili. Kuhusu utoaji mimba mko naye. Kuhusu ndoa mko naye. Ndiyo maana chama chake kilipofungua kituo cha jamii mbalimbali mjini Portland mwaka 2022, wakati anagombea ugavana tena na ulimi wake umelainika, baadhi yenu mlienda kupiga picha. Sikatai picha. Nauliza mlimwuliza nini.

Matusi niyapitie haraka, kwa kuwa mnayajua kwa moyo. Januari 2016, kwenye mkutano wa wananchi mjini Bridgton, alisema wauza heroini wanaokuja kutoka Connecticut na New York wana majina kama D-Money, Smoothie na Shifty, na kwamba nusu ya nyakati huwapa mimba wasichana weupe kabla ya kuondoka. Mwezi uliofuata, Freeport, akasema waomba hifadhi wanaleta kifua kikuu, homa ya ini na Ukimwi, akaongeza na nzi aliyemwita ziki (alikuwa na maana ya Zika, na Zika ni ya mbu). Agosti 2016 alimwachia mbunge Drew Gattine wa Westbrook ujumbe wa simu uliojaa matusi ya nguoni, kisha akasema anatamani ungekuwa mwaka 1825 ili wapigane kwa bastola. Mwaka huo huo alijisifu kwamba yeye alikuwa Trump kabla ya Trump kupata umaarufu. Hayo yalirushwa dunia nzima, na kila mara sisi tulikuwa tunatazama mdomo.

Wengi wenu mlimhesabu kuwa debe tupu. Debe halikuwa tupu hata kidogo.

Siku zake za mwanzo ofisini, Januari 2011, alifuta amri ya gavana aliyemtangulia, John Baldacci, iliyowazuia watumishi wa jimbo kumwuliza mtu hali yake ya uhamiaji. Karatasi moja tu. Mwaka huo huo bajeti ya jimbo iliwaondoa kwenye MaineCare, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, wahamiaji watu wazima waliokuwa nchini kihalali kwa muda usiofika miaka mitano. Sikilizeni neno hilo: kihalali. Watu wenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema jimbo lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mimi ni mkalimani, kazi yangu ni kukaa kati ya mgonjwa na daktari, na nawahakikishia kwamba hadi leo wako wazee wetu wanaodhani walinyimwa bima kwa sababu walijaza fomu vibaya. Hakuna aliyewaambia kwamba ilikuwa sheria, ilipigiwa kura Augusta, makao ya serikali na Bunge la jimbo, na ina tarehe.

Sasa nikae kidogo kwenye GA (General Assistance), msaada wa manispaa unaolipa kodi ya nyumba na chakula kwa asiye na kitu, kwa sababu hapa ndipo kisa kizima kilipo.

Anayeomba hifadhi Marekani hana ruhusa ya kufanya kazi siku anayofika. Husubiri siku 150 tangu apeleke ombi lake la hifadhi ndipo aombe kibali cha kazi, na sheria ya shirikisho hairuhusu apewe kabla ya siku 180 kutimia. Hiyo ni nusu mwaka, na hapo ombi lenyewe bado halijaandikwa na wakili hajapatikana. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mikono miwili, fundi, mwalimu, muuguzi, anakatazwa na serikali moja kufanya kazi, kisha serikali nyingine inamwita mvivu. Juni 2014 serikali ya LePage iliziambia manispaa: mkiendelea kuwapa GA watu ambao hawajapata hadhi ya kisheria ya uhamiaji, hatutawarudishia fedha. Portland na Westbrook zilikataa, na suala likafika mahakamani pamoja na chama cha manispaa za Maine. Juni 2015 jaji aliamua kwamba jimbo linaweza kuzuia fedha zake. Mnakumbuka wiki zile. Familia nzima zilikuwa zinahesabu siku za kulala nje.

Mnakumbuka pia kilichoziokoa? Kila nikiuliza naambiwa ni maombi, na maombi siyapingi. Lakini kulikuwa na muswada namba 369. Ulipoingia bungeni ulikuwa wa kubana msaada. Ukageuzwa njiani, ukatoka ukisema kwamba anayeomba hifadhi anaweza kupata GA hadi miezi 24. Ulipita kwenye Seneti iliyokuwa mikononi mwa Warepublican, yaani chama cha gavana mwenyewe. Walikuwepo wahafidhina waliopiga kura ya kutusaidia, na sisi hatujui hata majina yao kuwashukuru.

Ukafika mezani kwa LePage. Katiba ya Maine inampa gavana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi, kuurudisha muswada na turufu yake, yaani kura yake ya kuukataa. Asiporudisha wala kutia saini, unakuwa sheria. Ila kama Bunge limeshavunja kikao kwa namna inayomzuia kurudisha, anaweza kuushika hadi watakapokutana tena. Wabunge walikuwa wamepumzika tu tangu mwisho wa Juni. LePage akahesabu kwamba wamefunga. Julai 16 wabunge waliporudi, akapeleka turufu kwa miswada 65 kwa mkupuo, na wakamwambia umechelewa. Akaiomba Mahakama Kuu ya jimbo itoe maoni. Agosti 6, 2015, majaji wote kwa sauti moja wakasema miswada yote 65 ni sheria. Namba 369 ilikuwa mojawapo.

Gavana aliyepiga turufu mara 642 katika miaka minane, zaidi ya magavana wote wa Maine wa miaka mia moja kabla yake wakijumlishwa, alikosea hesabu ya siku kumi, na watoto wetu wakalala ndani. Nimekuwa nikingoja mchungaji mmoja aisimulie hiyo madhabahuni. Ingekuwa na mafundisho kuliko D-Money.

Hakuishia hapo. Novemba 2016 aliandika kwa Rais Obama kwamba Maine inajitoa kwenye mpango wa shirikisho wa kupokea wakimbizi. Wakimbizi waliendelea kuja, kwa kuwa kazi hiyo ilibaki kwa Catholic Charities, shirika la misaada la Wakatoliki. Kujitoa kwa jimbo hakukuwa na uwezo wa kuufunga mlango, na hilo nalo ni jambo la kujua: ipi ni mamlaka ya Augusta, ipi ni ya Washington. Watu wetu wanamlaumu gavana kwa kibali cha kazi kuchelewa na kumlaumu mbunge wa Washington kwa GA. Ni kinyume. Ndiyo maana, kama atafika Washington, hatakuwa na neno juu ya GA, ila atapigia kura siku zile 180 na ada zake. Julai 2025 sheria ya shirikisho ilianza kumtoza mwomba hifadhi dola 100 kwa ombi lenyewe na dola 550 kwa kibali cha kwanza cha kazi. Hizo ndizo kura atakazopiga mbunge wa wilaya ya pili, yeyote atakayekuwa.

Tusimpunguzie haki yake. Mwaka 2013 alilipa deni la muda mrefu ambalo jimbo lilidaiwa na hospitali, na wahasibu wa hospitali hizo hawajasahau. Mwaka 2014, baada ya maneno yake mengi kusikika, wapiga kura karibu 295,000 walimrudisha. Mwaka 2010 alikuwa ameshinda kwa asilimia 37.6 tu kwa kuwa wapinzani wake waligawana kura. Safari hii alipata asilimia 48. (Wengine wanasema uwindaji wa dubu ulimsaidia, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na kura ya maoni ya kuzuia kuwatega kwa chambo, na watu wa vijijini walijitokeza kwa wingi. Huenda.) Lakini mkiendelea kutufundisha kwamba wote 295,000 wanatuchukia, mtatufanya tuogope majirani ambao kesho ndio watakaotuajiri. Maine ndilo jimbo lenye wastani mkubwa wa umri kuliko yote Marekani, na kwa miaka mingi sasa wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Wanajua hesabu hiyo. Mwenye nyumba ya wazee kule Auburn anayetafuta wafanyakazi wa zamu ya usiku anaweza kuwa alimpigia LePage kura mara tatu.

Na waliomzuia, mara nyingi, walikuwa wananchi wa kawaida wenye kalamu na karatasi za kukusanya saini. Mwaka 2011 alitia saini sheria ya kufuta uandikishaji wa mpiga kura siku ileile ya uchaguzi. Watu wakakusanya saini, suala likaenda kwenye kura, na Novemba hiyo hiyo takriban asilimia 60 wakairudisha. Mwaka 2016 wakapitisha mfumo wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ushindi wake wa asilimia 37.6 ulikuwa moja ya sababu. Alikuwa amekataa mara kadhaa kupanua bima ya Medicaid, ambayo hapa kwetu ndiyo MaineCare, kwa watu wapatao 70,000. Novemba 2017 asilimia 59 wakaipanua kwa kura, Maine ikawa jimbo la kwanza nchini kufanya hivyo kwa njia hiyo. Akagoma kuitekeleza, akasema afadhali aende jela. Januari 3, 2019, gavana mpya, Janet Mills, akaiamuru siku yake ya kwanza kazini. Mills huyo huyo ndiye aliyemshinda LePage kwa takriban pointi 13 mwaka 2022, alipojaribu kurudi.

Sasa mtazame mambo yalivyogeuka. Mfumo ule wa kupanga namba hautumiki kwenye uchaguzi mkuu wa gavana, kwa sababu ya katiba ya jimbo, lakini unatumika kwa ubunge wa Washington. Mwaka 2018 Jared Golden wa Lewiston alishinda wilaya ya pili kwa mfumo huo, akitokea nyuma katika hesabu ya kwanza. LePage, akiwa bado gavana, alilazimika kutia saini cheti cha ushindi, na pembeni akaandika kwa mkono kwamba uchaguzi umeibwa. Wilaya hiyo hiyo ndiyo anayoitaka, kwa mfumo huo huo. Ndugu zangu wa Portland na Westbrook, nyinyi mko wilaya ya kwanza. Kelele zenu zote juu ya LePage hazina hata kura moja ndani yake. Lewiston ndiyo iliyo wilaya ya pili. Je, komite zenu mbili, ya huku na ya kule, zimewahi kukaa meza moja juu ya hili? Nimekaa Lewiston na sijasikia.

Kuna jambo jingine, na hili litawakera. Majira ya joto ya 2019, watu wapatao 450, wengi wao wa Kongo na Angola, walilala kwenye vitanda vya muda ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo, Portland. Walikuwa wamepanda kutoka Amerika Kusini, wakavuka msitu wa Darién na watoto mgongoni. Nilisikia wenzetu waliokuja na karatasi za ukimbizi, waliopokelewa uwanja wa ndege na mtu mwenye jina lao kwenye kibao, wakisema hawa wamepita dirishani. Hawa wanamaliza misaada. Hawa watatuharibia jina. Baadhi ya sauti hizo zilitoka kwenye viti vya mbele vya makanisa yetu, na hamkukemea. LePage angeyatia saini maneno hayo bila kubadilisha herufi.

Naomba basi mambo machache, na sitayapamba. Fungueni darasa la jinsi Augusta inavyofanya kazi: muswada unaingiaje, kikao cha kusikiliza wananchi ni nini, na kwamba mtu yeyote, hata asiye raia, anaweza kusimama mbele ya kamati na kusema yaliyompata. Mwaka 2015 manispaa zilikuwa na mawakili. Sisi tulikuwa na nani? Kisha, kabla mgombea yeyote hajapewa maikrofoni kanisani au ukumbini, wa chama chochote, ajibu kwanza swali moja la GA au la kibali cha kazi, kulingana na kiti anachokitaka, na jibu lake liandikwe. Wademocrat pia. Wanakuja na tabasamu na kuondoka na tabasamu, na hakuna anayewauliza kwa nini siku 180 zimebaki 180 miaka yote hii chama chao kilipokuwa na nguvu Washington.

Na waambieni watu, kila wiki, bila aibu: asiye raia asiguse karatasi ya kura wala fomu ya kujiandikisha, hata akihimizwa na mtu mwenye nia njema, maana kosa hilo moja linaweza kumfukuzisha nchini. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia naye ajue kwamba anaweza kujiandikisha hata siku yenyewe ya uchaguzi. Haki hiyo ilifutwa kwa kalamu na kurudishwa kwa saini za majirani zake.

Darasa likipatikana nitatafsiri bila malipo, Kiswahili na Kifaransa. Nitakuja na yale maoni ya majaji ya Agosti 2015 tuyasome pamoja. Mnipe tarehe tu, na iwe Jumamosi, maana Jumapili najua ratiba yenu.

Wenu katika utumishi,
Mkalimani mmoja wa Lewiston